Saa ya Ukutani ya Horohoro

Mtu akikwambia mashine haisemi uongo, mwache amalize, kisha muulize: na saa ya hiyo mashine aliitia majira nani? Shariffa binti Amur leo angekuuliza hivyo hivyo. Lakini wakati ule, mwaka wa mgao wa umeme, simu za mkononi ndiyo kwanza zaonekana viunoni mwa matajiri wa Tanga, Shariffa aliiamini mashine kuliko alivyomwamini mtu aliyenyonya naye ziwa moja. Nikikisimulia kisa hiki kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Kazi yake ilikuwa kuutunza mtandao wa kompyuta wa Bwana Taizoon Noorali, wakala wa kutoa mizigo. Taizoon alikuwa mmoja wa wale waliovumilia miaka ya dhiki wakiuza viberiti na chumvi ya kupimiana, na ruksa ya biashara ilipokuja wakanyanyuka kabla wenzao hawajajifunga kibwebwe. Alikuwa na ofisi tatu: kubwa ghorofani Usagara, ya pili karibu na bandari, ya tatu mpakani Horohoro, yanakopita malori ya Mombasa. Ofisi hizo ziliunganishwa kwa redio za minara, na katika kila moja palikuwa na swichi, kisanduku cha chuma chenye matundu ya waya na vitaa vya kijani. Kila kitu kilichotoka kompyuta moja kwenda nyingine kilipita humo, na swichi iliandika yenyewe: nani kapeleka, mzigo mkubwa kiasi gani, saa ngapi. Shariffa alikaa Usagara akiyatazama hayo yote kwenye kioo, kama mama anayewatazama watoto wakirudi chuoni.

Sasa, ili maandishi ya swichi tatu yawe na maana, lazima saa zao ziende pamoja. Moja ikisema asubuhi na nyingine ikisema usiku, hapo hamna ushahidi, mna porojo. Shariffa alizifunga zote zifuate saa ya kompyuta kubwa ya Usagara, zikaoana vizuri. Mpaka umeme wa Horohoro ulipokatika siku moja ukarudi kwa kishindo, na swichi ya kule ikasahau kila ilichofundishwa, pamoja na saa. Barabara ya Horohoro wakati wa masika mnaijua wenyewe; ukipanda basi asubuhi hujui cha mchana utakila wapi. Shariffa hakwenda. Alimpigia simu Hatibu, karani wa kule, akamwongoza kwa mdomo, bonyeza hapa, andika hiki, mpaka swichi ikaamka.

"Sasa yauliza saa," Hatibu akasema.

"Tazama saa ya ukutani hapo ulipo, andika inachoonyesha."

"Haya, nimeandika."

"Ahsante, pacha wangu. Nikija nitaifunga na ya huku."

Hakwenda wiki ile wala iliyofuata. Mvua ilinyesha, kazi zikamsonga, na ukweli ni kwamba alisahau.

Hilo la upacha halikuwa mzaha. Shariffa alizaliwa Duga, njia ya kwenda Horohoro, ambako baba yake alikuwa na duka na minazi yake. Mmanga wa pale pale, aliyekijua Kidigo kuliko Kiarabu. Mama mtu alifariki arubaini ya mtoto haijatimia. Jirani yao, Bi Mesaumu, alikuwa na Hatibu mchanga mkononi, akamchukua na Shariffa akampa ziwa la pili. Na ndugu wa ziwa ni ndugu hasa, hata ndoa haipiti baina yao. Shariffa hakuwahi kuvuta mtandio mbele ya Hatibu. Kisha ukaja mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, waliodaiwa kuficha bidhaa. Mzee Amur alichukuliwa kwa ajili ya katoni za sabuni zilizokutwa mvunguni, na ni Bi Mesaumu tena aliyemlaza Shariffa kitandani kwake. Mtoto yule aliuona mlango wa gari ukifungwa nyuma ya baba yake, na baba aliporudi, baada ya miezi mingi, shati lilikuwa likimpwaya. Tangu hapo akiliona gari la polisi moyo humwenda mbio, hata kama halimhusu.

Basi Jumatano moja Taizoon alizipanda ngazi za ofisi akihema.

"Tumeuzwa," akasema, na hata kiti hakukitaka.

Kampuni yake ilikuwa ikigombea zabuni ya kutoa shehena ya mbolea. Bei alizozipanga mwenyewe, mlango umefungwa, zilikuwa zimeshafika mikononi mwa mshindani wake wa Mombasa, na huyo mshindani hakuwa na haya, alimpigia simu kumcheka.

"Faili hilo liko hapa na Horohoro, basi. Nitafutie limetokea wapi. Raheel alikuwa kule jana asubuhi, karudi adhuhuri, asema hakuona dalili yoyote."

Raheel ni mwanawe wa pekee, kijana aliyerudi masomoni, akipelekwa huku na huku kwa gari ajifunze kazi. Shariffa alilisikia jina hilo likapita. Alifungua maandishi ya swichi ya Horohoro, Taizoon kamsimamia nyuma ya kiti, pumzi zake zasikika. Hakutafuta sana. Jumanne, mzigo mkubwa ulitoka kompyuta ya Hatibu kwenda nje, na saa iliyoandikwa ubavuni mwake ilikuwa 3:11. Kwa mashine hiyo ni alfajiri haijanukia bado. Kwa hesabu yetu, saa tisa na kitu za usiku.

"Usiku pale hulala nani?" Taizoon akauliza, na jibu alikuwa nalo.

Hatibu alikuwa na chumba nyuma ya ofisi, na siku za kazi alilala humo peke yake, ufunguo shingoni.

"Hulala Hatibu," Shariffa akasema.

Haya, tazameni. Maneno mawili tu. Hakusema ngoja nilinganishe na swichi nyingine, hakusema nimpigie nimuulize. Mtu anayelipwa kutazama swichi tatu alitazama moja, akafunga. Aliogopa asije akaambiwa anamfichia nduguye, na hofu hiyo ikamfanya awe mkali kwa Hatibu kuliko ambavyo angekuwa kwa mtu baki. Tuko wengi wa namna hiyo.

Alhamisi Hatibu akaitwa Usagara. Alifika na tope mpaka magotini, maana basi lilikwama na abiria wakasukuma. Aliwasalimu wote, akaambiwa kaa, akasomewa kosa lake kabla hajajifuta uso.

"Bosi, saa hizo mimi nilikuwa nimelala," akasema. "Nikishafunga ofisi, kompyuta siigusi." Kisha akamgeukia Shariffa, wala hakupaza sauti. "Pacha, waambie. Wewe waona kila kitu."

"Mashine imeandika," Shariffa akajibu, macho kwenye meza.

Askari walioitwa na Taizoon walikuja, Hatibu akashuka nao ngazi. Shariffa alibaki ghorofani, lakini mlango wa gari ulipofungwa aliusikia, akawa tena mtoto yule wa Duga. Taizoon, aliyewasindikiza chini, akarudi akamwambia kwamba kesho mchana Hatibu atafikishwa mahakamani. "Akishasomewa shtaka," akasema, "limetoka mikononi mwangu. Hata nikitaka kulifuta siliwezi."

Jioni Shariffa alikwenda kwa baba yake, ambaye siku hizi alikuwa amehamia mjini Tanga, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mzee Amur alikuwa barazani na tasbihi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una nini wewe? Uso wako si wa mtu mzima."

"Hatibu yuko ndani."

Tasbihi ikasimama. Shariffa akaeleza yote, faili, zabuni, saa tisa za usiku, na mzee akasikiliza bila kumkatiza.

"Nani kamshuhudia?"

"Mashine, baba."

"Hiyo mashine ina macho? Mimi pia nilishuhudiwa." Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. "Waliapa kwamba nimejaza ghala. Ilikuwa sabuni ya kufulia. Mtoto wa Mesaumu alale mahabusu kwa neno la nani, Shariffa?"

Hapo mwadhini akaadhini magharibi. Mzee Amur akainuka kwa shida. Lolote litokee, magharibi alikuwa na kazi moja kabla ya udhu: alivuta kigoda, akapanda, akafungua kioo cha saa kubwa ya ukutani, na kwa kidole akaisogeza mishale yote miwili ikae juu kabisa, kwenye kumi na mbili. Ndivyo alivyofanya baba yake na babu yake. Kwao jua likizama siku imekwisha na nyingine imeanza, na saa isiyojua hilo si saa. Shariffa alikuwa ameiona kazi hiyo kila siku ya Mungu tangu azaliwe, mpaka akawa haioni tena.

Jioni ile aliiona. Akasimama.

"Baba, mwenziwe saa hii iko wapi? Zilikuwa mbili."

"Si nilimpa Hatibu siku ya harusi yake? Mkewe hakutaka makelele yake nyumbani, akaitundika ofisini kwake." Mzee alikuwa akishuka kigodani taratibu. "Naye huitia majira kila magharibi. Nimemfunza mwenyewe."

Shariffa akaisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu: tazama saa ya ukutani hapo ulipo, andika inachoonyesha. Masikini Hatibu alitazama. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mshale uko kwenye tatu, kama inavyopaswa katika saa ya Mzee Amur, akaandika tatu. Na mashine, ambayo siku yake huanza katikati ya usiku, ukiipa tatu haijui asubuhi yako. Yaihesabu tangu usiku wa manane. Tangu siku ile swichi ya Horohoro ilikuwa ikiandika mchana kweupe kuwa ni usiku. Shariffa alikaa chini sakafuni na mtandio wake, akalia, na baba yake akamwacha alie.

Usiku ule Usagara ilikuwa zamu yao ya giza, ofisi haina umeme. Hakulala. Ijumaa asubuhi alifika kabla ya mfagiaji, akawasha, akayafungua maandishi ya swichi ya Usagara ambayo Jumatano hakuyagusa. Chochote kinachotoka Horohoro kwenda nje lazima kipitie Usagara, hakina njia nyingine. Akatazama Jumanne, saa tisa za usiku: hakuna kitu, hata umeme haukuwapo. Akashuka na mchana. Ule pale, mzigo ule ule, ukubwa ule ule, umepita asubuhi saa tatu na nusu. Akatoa moja kwenye nyingine. Tofauti haikuwa saa sita kamili, ilikuwa saa sita na dakika ishirini, na hizo dakika ishirini ndizo zilizomtoa wasiwasi. Masika jua la Tanga huzama kumi na mbili na dakika ishirini kwa saa ya redio. Mashine ikiharibika haiwezi kujua jua linazama lini. Mkono wa Hatibu ulikuwa umeiweka saa ile pamoja na adhana.

Furaha haikumkaa sana. Saa tatu na nusu asubuhi Jumanne, Hatibu alikuwa getini mpakani na karatasi za malori. Taizoon mwenyewe alizungumza naye kwa simu ya pale getini, ofisi nzima ilimsikia akifoka. Ofisini Horohoro saa hiyo alibaki mtu mmoja, naye alikuwa amekwenda kujifunza kazi.

Taizoon alikuja amevaa tayari kwa sala, kofia nyeupe yenye uzi wa dhahabu mkononi. Shariffa akamwonyesha yote mawili, Horohoro na Usagara, akamweleza saa ya baba yake. Taizoon si mjinga. Alielewa kabla Shariffa hajamaliza, uso ukambadilika.

"Hiyo saa yenu ni ya kale," akasema hatimaye. "Nani atakuamini?"

"Wewe umeniamini, bosi."

Taizoon akaenda dirishani. Chini watu walikuwa wameanza kupita na misala.

"Shariffa, Raheel ni mwanangu wa pekee."

"Najua. Na Hatibu ni wa pekee kwa mama yake."

"Tungoje Jumatatu. Nitamwekea wakili, nitamlipia mimi mwenyewe. Hatapotea."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wazee, lakini Taizoon alikuwa akitaka alie mama wa mwingine. Kazi kama ile hapakuwa na ya pili Tanga nzima, na Shariffa alijua.

"Sitangoja," akasema. "Bosi, nakuomba tufanye hivi. Twende sasa hivi kituoni, useme mtambo wako wa saa ulikosea, na mimi niseme niliyesoma vibaya ni mimi, maana ndivyo ilivyo. Nani alikuwa pale saa tatu na nusu, hilo mlimalize nyumbani kwenu, mimi sitalitaja. Lakini ukikataa nitakwenda peke yangu. Na nikienda peke yangu nitaulizwa, na nikiulizwa nitajibu."

Taizoon aliigeuza kofia mkononi, upande huu, upande huu. Kwa mbali mwadhini alikuwa anapima kipaza sauti. Shariffa alimhurumia, tuseme kweli, kwa kuwa mtu kumjua mwanawe kwa njia ile si jambo dogo.

"Chukua karatasi zako," Taizoon akasema, akavaa kofia.

Hatibu alitolewa Ijumaa ile ile, kabla mahakama haijaita jina lake. Alitoka na mkanda na kamba za viatu mkononi, akasimama kwenye ngazi za kituo akizifunga. Taizoon alimpa mkono, akaomba radhi kwa maneno ya haraka, akaingia garini. Shariffa alibaki. Alimweleza Hatibu habari ya saa, kwa urefu, kwa kuwa aliogopa kumaliza.

"Kumbe ni saa ya mzee," Hatibu akasema, na kidogo acheke. Halafu akauliza, "Na aliyewaambia usiku hulala Hatibu ni nani? Hilo nalo ni saa?"

"Ni mimi."

Hatibu akatikisa kichwa, akamaliza kiatu cha pili, akashika njia ya kituo cha mabasi. Shariffa hakuthubutu kumfuata.

Mvua zilipopungua alikwenda Horohoro. Raheel alikuwa ameshapelekwa Dubai kwa ami yake, kusoma biashara, ndivyo ilivyosemwa. Hatibu alimfungulia mlango, akampa kiti, akamletea maji. Saa ya Mzee Amur ilikuwa ukutani vile vile, ikigonga. Shariffa akaifunga swichi ifuate saa ya Usagara, akajaribu, ikaoana, na kuanzia siku ile haikuhitaji tena mkono wa mtu. Alipofunga vifaa vyake alikuwa amejitayarisha kusema, lakini Hatibu alimtangulia.

"La saa ni letu sote, mimi niliandika, wewe uliniambia. Limekwisha. Lakini nilipokwambia waambie, hukuniuliza hata nilikuwa wapi. Ungeuliza tu, Shariffa."

Jina ndilo lililomuuma. Tangu utoto hakuwahi kumwita hivyo.

"Nisamehe."

"Nitasamehe. Si leo." Akachukua ufunguo wake. "Mama ameambiwa uko huku, ataka ushukie Duga ule kwake. Nenda. Ila habari ya polisi haijui na sitaki aijue. Nimemwambia usiku ule nililala kwako."

Shariffa alishuka Duga. Bi Mesaumu alikuwa amekwisha kutandika mkeka, wali wa nazi umefunikwa kawa, na samaki, na mboga ya mchicha kama alivyoipenda tangu mdogo. Siku hizi macho ya bibi yule yalikuwa hayaoni vizuri, akampapasa uso kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ahsante kwa kumlaza mwenzio," akasema. "Basi alilosema atashuka nalo hapa lilipochelewa usiku ule roho yangu ilikuwa juu, nikajisemea, kama yuko kwa Shariffa hana neno, nikalala. Mungu akuweke. Sasa kula, chakula chapoa."

Akamletea maji kwenye birika na beseni. Shariffa alinyosha mikono, akanawishwa na mama yake wa ziwa, akala.